Bomba la Asbesto: Tulivishe au Tuliache?

Ukitaka kujua bomba la asbesto linavyoua, usimtazame anayekunywa maji. Mtazame fundi. Bomba limepasuka, mtaro umechimbwa, naye amepiga magoti, grainda mkononi, vumbi jeupe likimrukia usoni. Vumbi hilo ndilo sumu. Nyuzi zake hukaa mapafuni miaka 20, 30, hata zaidi, ndipo saratani ijitokeze. Ama maji yenyewe, Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi wa kutosha wa kuyawekea kikomo cha asbesto.

Nayasema haya mapema kwa sababu swali la mabomba makuukuu ya pwani ya kusini ya Kenya, Tiwi hadi Msambweni, haliko kwenye gilasi. Liko mtaroni.

Katikati ya karne iliyopita mabomba haya ya saruji iliyochanganywa na asbesto yalipendwa, Kenya na kwingineko, kwa kuwa ni nafuu na hayashiki kutu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 50 hadi 70. Maji laini yenye uchachu hula chokaa ya saruji, na ukuta wa bomba hulegea polepole. Kuling'oa nako kuna gharama yake: tangu Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006, asbesto ni taka hatari, haitupwi jalalani hivi hivi.

Ndipo linapokuja wazo la kulivisha bomba fulana kwa ndani. Unachimba shimo huku na shimo kule, kisha unapitisha soksi ya kitambaa iliyoloweshwa gundi na kuikausha kwa mvuke, au unaingiza bomba jembamba la plastiki. Barabara ya hoteli za Diani haifumuliwi, na mwamba wa matumbawe chini yake hauguswi.

Wazo zuri, lakini lina bei. Ukiingiza plastiki ya milimita 160 ndani ya bomba la 200, nafasi ya maji hubaki karibu nusu. Ulaini wa plastiki hufidia kiasi tu, na mji wa Ukunda haupungui watu. Soksi haibani hivyo, ila hudai mitambo na mafundi wa kuagizwa, na kila tawi la nyumba lazima lifunguliwe upya.

Kwa maoni yangu, kuvisha kubaki dawa ya mahali pachache: chini ya lami, chini ya kuta za hoteli. Kwingine, lazeni bomba jipya la plastiki kando, mliache la zamani lilale ardhini, kavu, bila kuguswa. Mbinu ya kulipasua bomba kuukuu ili jipya lipite isiletwe kabisa. Hiyo ni kutawanya vigae vya asbesto udongoni, avikute mchimbaji wa kesho.

Kuahirisha nako ni hasara. Zaidi ya asilimia 40 ya maji ya kampuni za maji nchini hayaleti mapato, mengine yakivuja, mengine yakiibwa. Pale Tiwi, kila tone linalovuja limepandishwa kisimani kwa umeme, na visima vya pwani vikikamuliwa mno huvuta chumvi ya bahari.

Kabla ya zabuni yoyote, ijulikane kila bomba ni la nini, lina kina gani, limepita wapi. Mafundi bomba waliostaafu wanajua mengi ambayo hayamo katika faili. Waitwe, walipwe posho, watembee na vijana wa kaunti wenye simu za ramani, kipande kwa kipande.