Mzigo wa nyumbani nao unahitaji zamu

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia au Mutukula anajua kuhesabu: bei ya mzigo, nauli, ushuru, kiwango cha kubadilisha fedha. Ipo hesabu moja isiyoandikwa katika daftari lake, nayo ndiyo inayomrudisha nyumbani kabla soko halijafungwa: nani amebaki na mama aliyepoteza kumbukumbu?

Ugonjwa huo, dimensia, si uzee wa kawaida wala si laana. Ni maradhi ya ubongo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nao, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo, mzee anayetangatanga usiku, au anayemwita binti yake kwa jina la dada aliyekwisha kufariki, bado huweza kuitwa mchawi. Familia humficha ndani, na anayemuuguza, mara nyingi mwanamke, hubaki peke yake.

Hapo ndipo matumaini hufa, ilhali sababu za kuyashika zipo. Ni kweli kwamba dimensia nyingi hazina tiba ya kuponya. Lakini si kila usahaulifu ni dimensia. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na hata baadhi ya dawa huleta dalili zinazofanana, na mengi ya hayo hutibika. Kwa hiyo hospitali itangulie, kabla ya mganga na kabla ya maneno ya majirani.

Hata jibu likiwa ni dimensia, mtu hapotei wote kwa siku moja. Aliyeuza maharage miaka thelathini anaweza kusahau alichokula asubuhi, huku mikono yake ikijua bado kuchambua mawe. Apewe ungo. Ratiba isiyobadilikabadilika, wimbo wa zamani na kutobishana naye humpunguzia hofu. Akiuliza kama basi la Arusha limeondoka, hakuna haja ya kumsahihisha. Aulizwe alikuwa akipeleka mzigo gani, na mazungumzo yataanza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimrahisishia mfanyabiashara mdogo karatasi: bidhaa za ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 huvuka kwa cheti rahisi cha uasili. Mzigo wa nyumbani haujapata wepesi wa namna hiyo. Serikali zina wajibu wa kuwafundisha wahudumu wa zahanati kuutambua ugonjwa huu mapema.

Vikundi vya wafanyabiashara, kwa upande wao, havina sababu ya kusubiri. Vinavyoweza kupanga zamu ya kupokea fedha za mchezo vinaweza kupanga zamu ya kukaa na mgonjwa: leo huyu avuke, kesho yule. Kikundi kinachomchangia mwanachama anapofiwa na mama kingemfaa zaidi kikimshika mkono wakati mama bado yu hai.