Bibi akija maktaba ya shule, asipewe kitabu kwanza

Mwezi huu tunatoka kidogo sebuleni tunaingia maktaba ya shule anayosoma mtoto wenu. Usifunue ukurasa mwingine kwanza. Mambo ya nyumbani yamejaa humo.

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 1990. Shule zetu, hasa hizi za kulipia, zinapenda siku za namna hiyo. Mtoto anarudi na barua: babu na bibi wanakaribishwa maktaba, waje wasome vitabu na wajukuu wao. Baba anafurahi, mama anafurahi, simu inapigwa kijijini, nauli ya kumleta mzee Makambako au Njombe mjini inatumwa kwa simu. Wanakumbuka kila kitu isipokuwa swali moja dogo: bibi anasoma?

Tufanye hesabu. Bibi mwenye miaka 75 leo alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi mwaka 1970, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mpango wa kila mtoto kuanza shule ya msingi ulipofika mwaka 1977, yeye alikuwa mama mwenye watoto mgongoni. Kwa hiyo kama anajua herufi, inawezekana kabisa alizipata kwenye kisomo, jioni, baada ya shamba. Na huenda hakuzipata. Hata aliyezipata, macho ya leo si yale, na miwani hana.

Sasa piga picha. Mtoto wa darasa la pili anamkabidhi kitabu cha Kiingereza chenye herufi kama mchanga, mbele ya walimu na mbele ya mkwe wake. Atakipokea kwa heshima. Atakifungua, pengine juu chini. Kisha atasema macho yanamuuma. Usiku mtoto atauliza kwa nini bibi hajui kusoma, na wewe na mwenzako mtaangaliana kwenye kochi.

Kwa mtazamo wangu, siku hiyo mzee ndiye kitabu. Mipango yote ianzie hapo, na wazazi vijana msisubiri mwalimu. Shule nyingi hazina mkutubi. Kuna mwalimu wa somo fulani aliyeongezewa funguo za kabati la vitabu, na atashukuru sana mkimpelekea mpango ulioandikwa.

Kabla ya michezo, neno moja kuhusu mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022-23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na virusi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote wa Tanzania Bara, wakati wastani wa kitaifa ulikuwa asilimia 4.4. Nyuma ya namba hiyo kuna miaka mingi ya kuzika vijana wenye umri kama wako na wangu, na waliobaki na watoto ni bibi zao. Kwenye darasa la mwanao yupo anayelelewa na bibi tangu ananyonya. Huyo bibi hatembelei shule, huja kila kikao cha wazazi na huweka saini kwenye ripoti. Barua inayomwita "mgeni wetu" inamkosea. Andikeni "mlezi au mzee wa familia", na yule ambaye hana babu wala bibi aje na jirani. Na tafadhali, msipange kuchora mti wa ukoo. Mtoto mwingine atabaki na matawi makavu huku wenzake wakipaka rangi.

Haya, shughuli zenyewe. Ninayoipenda kuliko zote ni ya ramani. Tundika ramani kubwa ya Tanzania ukutani, mpe kila mtoto uzi na pini, kisha amuulize mzee: wewe ulifika wapi, na baba yako je? Hapo utashangaa. Wengi watataja Tanga, kwa sababu wanaume wa Njombe walikwenda kwa maelfu kukata mkonge kama manamba, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Babu wa leo alikuwa mtoto wakati huo au hajazaliwa, lakini anakumbuka baba yake alivyorudi, na blanketi gani alileta. Mwingine hatatoka mbali, ataweka pini Njombe penyewe, kwenye miwati ya TANWAT, kampuni iliyoanza mwaka 1949, ambako magome yalimenywa kwa ajili ya dawa ya kulainisha ngozi.

Na kama shule iko Makambako, basi reli mnayo mlangoni. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na kipande cha kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako kilikuwa cha shida kuliko vyote: mahandaki, madaraja, maporomoko. Mzee wa miaka 70 aliwaona Wachina wakifika akiwa kijana mbichi. Mwacheni aeleze walikula nini na walisalimiana naye kwa lugha gani. Hakuna kitabu cha darasa la nne chenye habari hiyo.

Ya pili ni ya lugha, na hii naomba mume na mke muisome pamoja. Ndoa zetu siku hizi ni za mchanganyiko. Kaka ni Mbena, dada ni Mchaga au Mnyakyusa, nyumbani ni Kiswahili, shuleni Kiingereza. Bibi anakuja na Kibena chake kizuri na Kiswahili cha sokoni. Mjukuu anajua "kamwene" peke yake. Wanakaa pamoja wiki nzima wakitabasamu tu, we acha! Shule nyingi zinakataza lugha za nyumbani ndani ya uzio. Ombeni saa moja ya msamaha. Bibi atege vitendawili au asimulie hadithi kwa Kibena, Kikinga au Kipangwa, na mtoto mkubwa anayeielewa atafsiri kipande kwa kipande. Atakayetafsiri apangwe mapema, ajue anapewa heshima. Wadogo watabashiri majibu, watacheka, na kwa mara ya kwanza anayehangaika kuelewa atakuwa mjukuu.

Vitabu navyo visikae bure. Mwisho wa kipindi mtoto amsomee mzee ukurasa mmoja wa Kiswahili alioufanyia mazoezi nyumbani. Mzee anasikiliza tu. Anayetaka kusoma mwenyewe atajitokeza, na pawepo kitabu cha herufi kubwa karibu na dirisha.

Kuhusu tarehe, Juni na Julai msithubutu. Baridi ya Njombe mnaijua, na mahindi bado yako shambani. Mwishoni mwa Septemba hadi mwanzo wa Oktoba panafaa, kabla ya mvua kuwarudisha kwenye jembe. Viti viwe vya kuegemea, chai iwe ya moto, choo kiwe karibu. Dakika 90 zinatosha.

Sasa ule ugomvi mlioukwepa: anaitwa mama wa nani? Kama wazazi wa mume wako Wanging'ombe na wa mke wako Moshi, wa karibu ndiye atakayekuja kila mwaka, na mke atanyamaza hadi siku atakayolipuka kwa jambo lingine kabisa. Nimeona nyumba zikitetemeka kwa hili. Lizungumzeni kabla barua haijarudishwa shuleni. Bibi wa Moshi anaweza kupiga simu ya video maktaba kwa dakika kumi, au kutuma hadithi kwa sauti WhatsApp watoto waisikilize. Na atakayekuja apokewe na mkwe wake. Mke akimpeleka mama mkwe maktaba kwa mkono wake, ile wiki ya ugeni nyumbani inakuwa nyepesi kuliko mlivyotegemea.

Bado kazi moja. Mtu mmoja arekodi kwa simu, baada ya kumwomba mzee ruhusa. Watoto waandike walichosikia, kurasa nne au tano, wachore, washone kwa uzi, na juu ya jalada liandikwe jina la mzee kama mtunzi. Nakala moja iingie kwenye kabati la maktaba na namba yake kama vitabu vingine. Ya pili apewe mzee mwenyewe, hata kama hasomi. Krismasi mtakapokwenda kijijini ataitoa sandukuni, na mjukuu atamsomea.