Msiuze volani ya mzee kwa bei ya chuma

Jumamosi iliyopita, kwenye garaji moja ya Kamalondo, nilimkuta kijana wa miaka kama ishirini akipatana bei na mnunuzi wa vyuma. Nyuma yao kulikuwa na Peugeot 404 ya babu yake. Haikuwa na magurudumu, ilikaa juu ya matofali, na majani yalikuwa yameota hadi mlangoni. Walikubaliana bei ya gari zima kwa uzito wake. Mnunuzi alipomaliza kuhesabu pesa, aling'oa usukani akautupa pembeni. Usukani ule una chuma kidogo tu ndani, kilichobaki ni plastiki, na plastiki haimwongezei kitu kwenye mizani.

Niliuliza kama naweza kuuchukua. Kijana akacheka: "Papa, hiyo volani utafanya nayo nini? Beba tu."

Niliubeba. Na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni volani ngapi zimetupwa hivyo katika mji huu wa Lubumbashi, na sisi wenyewe tukiangalia.

Wengi wetu hatujui kwamba kuna watu duniani wanaotafuta kitu hicho hicho. Ulaya, Marekani na Japani wako wakusanyaji ambao hawana hata nafasi ya kuweka gari la zamani, lakini kuta za nyumba zao zimejaa sukani. Wengine wanatengeneza gari la miaka ya 1950 au 1960 na wamekosa sehemu moja tu, usukani wake wa asili. Kiwanda kilishaacha kuutengeneza miaka mingi. Ndiyo maana usukani wa gari la kawaida, ukiwa mzima, unaweza kuuzwa kwa mamia ya dola, na wa gari adimu kwa maelfu. Sukani za mbao alizotengeneza Mwitaliano Enrico Nardi zinatafutwa sana. Citroën DS, iliyotoka mwaka 1955, ina usukani wenye mkono mmoja tu katikati, na mtu anayelijua gari lile ataubagua usukani huo hata ukiwa chini ya lundo la takataka.

Sasa tujiulize: magari hayo hayakufika kwetu? Yalifika. Reli kutoka kusini iliingia Élisabethville mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na shaba ilipotoka, bidhaa za Ulaya na Marekani ziliingia. Mji ulibadilishwa jina mwaka 1966 ukawa Lubumbashi, lakini magari yalibaki barabarani. Wazee wanakumbuka Peugeot 403 na 404, Mercedes, Volkswagen na Land Rover. Ile 404 haikuwa gari dogo kwa heshima: ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mwenye 404 Katanga alikuwa na gari lililothibitishwa kwenye vumbi na matope yetu wenyewe.

Kabla sijaendelea, nikiri. Baba yangu alikuwa dereva. Alipofariki, gari lake bovu lilibaki uani, na yaya wangu na mimi tuliliuza kama yule kijana alivyouza la babu yake. Tulikuwa na deni la msiba na karo ya wadogo zetu. Usukani wake ulikuwa umepasuka upande wa kushoto, pale alipozoea kuweka mkono, na yeye aliuzungushia uzi wa umeme mweusi ili usimkate. Watoto waliuchezea miezi michache, halafu ukapotea. Leo sina picha ya baba akiwa kazini. Ningekuwa na ule usukani, ningemwonyesha mjukuu wake mahali mkono wake ulipokaa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo siwasemi watu wa Kamalondo kutoka juu.

Kuna watakaoniambia: magari hayo yalikuwa ya wakoloni na ya wakubwa, tuyalilie kwa nini? Swali ni la haki. Lakini tuangalie nani alikaa wapi. Bwana mkubwa mara nyingi alikaa nyuma. Aliyeshika usukani alikuwa dereva Mkongo, aliyeamka saa kumi alfajiri kutoka Kenya au Katuba ili gari liwe safi kabla ya saa moja. Kiti cha nyuma kina historia ya bwana. Usukani una historia ya babu zetu, na ndiyo historia iliyoandikwa kidogo zaidi.

Wengine watasema: watu wana njaa, wewe unazungumzia mapambo. Nawajibu kwamba njaa ndiyo sababu ya kuuza kwa akili. Mtu mwenye shida anapotupa bure kitu kinachoweza kulipa karo ya muhula, shida yake haipungui. Sikatazi kuuza. Nakataza kuuza bila kujua.

Na kujua kwenyewe si kugumu. Usukani wa zamani unatambulika kwa mambo machache. Kwanza, angalia ulitengenezwa kwa nini: mbao, ebonaiti nyeusi, bakelaiti, au plastiki ngumu ya rangi ya meno ya tembo. Bakelaiti, kwa taarifa, ilivumbuliwa na Mbelgiji, Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent, aliyeitangaza mwaka 1909. Pili, tazama kama bado una pete ya honi inayong'aa na kifuniko cha katikati chenye alama ya kiwanda. Vitu hivi viwili ndivyo vinavyopotea mapema. Tatu, ugeuze. Nyuma mara nyingi kuna namba zilizochongwa au kumwagwa pamoja na plastiki. Usizisugue kwa msasa. Nne, usiogope nyufa. Plastiki ya zamani hujikunja kwa jua na miaka, wakati chuma cha ndani hakijikunji, kwa hiyo hupasuka. Fundi mvumilivu huziba nyufa hizo kwa gundi ngumu na kupaka rangi upya. Lakini akikosea, thamani inashuka, kwa hiyo ni afadhali kuuacha ulivyo kuliko kuupaka rangi ya mlango.

Onyo moja kwa vijana wanaopenda urembo: usiufunge usukani wa zamani kwenye gari lako la leo. Magari ya sasa yana mfuko wa hewa ndani ya usukani, unaofumuka gari linapogonga. Ukiutoa ili uweke volani ya babu, umetoa kinga yako. Ya zamani ikae ukutani au kwenye gari lake.

Liko jambo lingine ambalo sisi wa hapa tunalijua kuliko wakusanyaji wa mbali. Congo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Ng'ambo ya Kasumbalesa, Zambia, wanaendesha kushoto. Magari ya zamani yaliyotoka Ubelgiji na Ufaransa yalikuwa na usukani wa kushoto. Leo barabara zetu zimejaa magari ya Kijapani ya usukani wa kulia yaliyopitia bandari ya Dar es Salaam, na tumebishana miaka mingi kama yaruhusiwe au yazuiwe. Wako mafundi wanaohamisha usukani kutoka kulia kwenda kushoto. Yaani, upande wa usukani peke yake unaeleza biashara ya mji huu ilitazama wapi: zamani Antwerp, sasa Bahari ya Hindi.

Lakini usukani ukishang'olewa, hausemi tena ulikuwa upande gani, wala ulikuwa wa nani. Hapo ndipo tunapopoteza zaidi. Mkusanyaji wa Ulaya akiupata, ataandika "Peugeot, miaka ya 1960, Afrika", basi. Jina la dereva, mtaa, kazi aliyofanya, safari za Likasi na Kolwezi, vyote vimekwisha.

Ombi langu kwa hiyo ni dogo. Kabla ya kuuza gari la mzee, keti na mama au mjomba aliyebaki, uliza maswali matano, uandike kwenye karatasi: gari lilikuwa aina gani, lilinunuliwa lini na wapi, nani aliliendesha, lilifanya kazi gani, lilisimama kwa nini. Piga picha gari likiwa zima, usukani ukiwa mahali pake. Karatasi hiyo iende na usukani, na nakala ibaki nyumbani. Hata kwenye soko, kitu chenye historia iliyoandikwa hupata bei nzuri kuliko kitu bubu.

Kwa wenye garaji nasema: tengeni rafu moja. Kwa makumbusho yetu ya Lubumbashi nasema: jambo hili si geni kwenu. Tangu mwaka 2000 wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, walifanya mradi wa kukusanya kumbukumbu za wakazi wa kawaida wa mji huu, na si za wakubwa peke yao. Madereva na mafundi wa magari wanastahili chumba kimoja katika kazi hiyo. Wengi wao wamezeeka, na hatuna muda mrefu wa kuwauliza.

Ule usukani wa Kamalondo bado uko kwangu. Jumatatu nilirudi kwa yule kijana na daftari. Jina la babu yake alilijua. Mwaka wa gari hakuujua, akaniambia tumwulize bibi, ambaye yuko Ruashi na kumbukumbu zake ni nzuri asubuhi. Tumekubaliana kwenda naye Jumapili, baada ya misa. Bibi akiutaka usukani wake, nitamrudishia.