AMANA ILIYOGEUZWA BIDHAA

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu,

Mwezi Novemba mwaka 2020 zilitoka habari ambazo tunaona zilistahiki kuzungumzwa katika kila msikiti. Waandishi wa Motherboard, chombo cha habari cha Marekani, walifichua kwamba programu ya simu iitwayo Muslim Pro, inayowaonesha Waislamu nyakati za swala na mwelekeo wa Kibla, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. Wakati huo programu hiyo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98. X-Mode nayo iliwauzia taarifa za aina hiyo makandarasi, na kwa mlango huo zikalifikia jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kwamba waliliuzia jeshi moja kwa moja, na wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Haukupita muda, Januari 2021, ikaripotiwa kwamba programu nyingine ya nyakati za swala, Salaat First, nayo ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya Ufaransa iitwayo Predicio.

Tutafakari, enyi waja wa Allah. Muislamu anafungua simu yake ajue Alfajiri imeingia saa ngapi, na katika kitendo kile kile cha ibada anahesabiwa, anaandikwa na anauzwa.

NAMNA BIASHARA HII INAVYOENDESHWA

Huenda mtu akadhani kwamba hapa pana wizi wa usiku. Hapana, mambo haya hufanywa mchana kweupe. Kampuni kama X-Mode humpa mtengenezaji wa programu kipande kidogo cha maagizo ya kompyuta, naye hukitia ndani ya programu yake. Kipande hicho hutuma kwa kampuni mahali simu ilipo. Mtengenezaji hulipwa kwa idadi ya vichwa. X-Mode yenyewe ilitangaza kwamba programu yenye watumiaji 50,000 wa kila siku nchini Marekani ingemwingizia mwenyewe dola 1,500 kwa mwezi. Piga hesabu: ni senti tatu za dola kwa kila mtu. Msikiti anaoswali, nyumba anayolala, hospitali anayompeleka mama yake, vyote hivyo kwa senti tatu!

Wauzaji wa taarifa hizi husema kwamba lengo lao ni matangazo ya biashara tu: kumjua mteja na kumletea bidhaa anayoihitaji. Lakini kisa hiki kimewaumbua. Taarifa ikishatoka mkononi mwa mwenyewe haina mlinzi. Leo inanunuliwa na muuza viatu, kesho na mkopeshaji wa riba, keshokutwa na mwenye bunduki. Ilibidi ufike Januari 2024 ndipo Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikaipiga marufuku kampuni hiyo, ambayo ilikwisha badili jina na kuitwa Outlogic, isiuze wala kutoa taarifa nyeti za mahali walipo watu.

MOTO UMO NYUMBANI MWETU

Wala asiseme mtu kwamba hayo ni ya Marekani. Afrika Mashariki tumeyaona ya kwetu katika programu za mikopo ya simu. Mtu mwenye shida ya karo anaomba mkopo mdogo, na programu inamtaka kwanza airuhusu isome orodha yote ya majina na namba zilizomo katika simu yake. Anabonyeza “kubali”. Akichelewa kulipa, anapigiwa mkwewe, mwajiri wake, na imamu wa msikiti wake. Aibu yake imekuwa dhamana. Na hao waliopigiwa, je, walikopa nini? Walimpa ndugu yao namba ya kujuliana hali, wakajikuta wamo katika daftari la mtu wasiyemjua.

Nchini Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine kuwapigia simu na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Nchini Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Juu ya dhulma ya riba, imeongezwa dhulma ya kuvunja heshima za watu.

HUKUMU YA DINI YETU

Sheria ya Allah ilitangulia sheria zote hizi. Katika Suratun-Nur, aya ya 27 na ya 28, Waumini wameamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini. Na wakiambiwa warudi, warudi. Tazameni: kuomba idhini kumefungamana na haki ya kukatazwa. Lakini wafanyabiashara wa leo wanaomba idhini ambayo haina mlango wa kukataa: usipokubali, huduma huipati. Hiyo si idhini. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akisema neno kisha akageuka kutazama huku na huku, neno lake hilo ni amana. Ikiwa kugeuza shingo kunatosha kulifanya neno kuwa amana, itakuwaje kwa namba ya simu na hali ya afya ya mtu?

Wako wanaojibu: “Mteja alikubali masharti.” Tunawauliza: masharti gani? Yale ya kurasa nyingi, kwa Kiingereza cha mawakili, kwa herufi za mchwa? Biashara halali ni ya kuridhiana, na hakuna ridhaa juu ya jambo lisilojulikana. Mwanafunzi wa fiqhi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba mkataba wenye ujinga na ghushi ndani yake una kasoro.

Wengine husema: “Mimi sina cha kuficha.” Watu hawa na waikumbuke hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya yule mtu aliyechungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (S.A.W.) wakati ameshika chanuo mkononi. Je, mlikuwa na aibu gani ndani ya nyumba ile tukufu? Hakuna. Hata hivyo Mtume alikasirika, akaeleza kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Sitara ni haki ya mwema kabla ya kuwa kimbilio la mwovu.

TUANZE NA NAFSI ZETU

Tusiwanyooshee vidole wengine tukajisahau. Duka la Muislamu linaloandika namba za wateja, wakala wa Hija anayeshika nakala za pasipoti, madrasa yenye majina ya watoto na wazazi wao, kamati ya msikiti yenye orodha ya wajane na mayatima wanaopewa zaka: wote hawa ni wenye amana. Kuichukua orodha ile na kumpa mfanyabiashara rafiki, au kuibandika picha ya yatima ili wafadhili waione bila ya ridhaa ya walezi wake, ni khiyana hata kama nia ilikuwa njema.

Basi tunawausia mambo matatu. Kwanza, kila mwenye simu aifungue sehemu ya ruhusa na aizuie kila programu isiyo na haja ya kujua alipo au kusoma majina ya watu wake. Nyakati za swala zinapatikana pia kwa muadhini na kwa kalenda ya ukutani. Pili, dukani ukiulizwa namba ya simu, uliza ni ya nini kabla ya kuitaja. Tatu, tumieni haki zenu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kupokea malalamiko. Inampa mwananchi haki ya kumtaka mfanyabiashara aache kutumia taarifa zake kwa matangazo. Aliyedhulumiwa akanyamaza amemzoesha dhalimu.

Na kwa mfanyabiashara Muislamu tunasema: bidhaa yako ni ile iliyomo dukani mwako. Mteja aliyeingia kununua sukari hakuingia kuuzwa.

Wabillahi Tawfiq.