Kipupwe na Kipepeo Asiye na Jina

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umetanda viungani mwa Nairobi, nilichuchumaa mbele ya mlimau ulio uani kwangu nikiwa na simu ya mkononi. Juu ya jani alikuwa ametua kipepeo wa rangi ya chungwa, mbawa zimekunjuliwa, wala hana habari nami. Nilimpiga picha nne. Baadaye nilimwonyesha picha hizo mwanafunzi wangu mmoja, nikamwuliza aliona nini. Akajibu upesi, "Ni kipepeo tu, Mwalimu."

Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Aghalabu hudhaniwa kwamba msimu wa baridi si wakati wa kupiga picha za wadudu. Dhana hii yafaa Ulaya, ambako wakati wa theluji vipepeo wengi huwa katika hali ya yai, kiwavi au pupa, na wachache waliokomaa hujificha wakalala. Kwetu nyanda za juu, kipupwe cha Juni hadi Agosti hakiwalazi hivyo, huwachelewesha tu. Misuli ya mbawa za vipepeo wengi haifanyi kazi barabara mpaka ipate joto la karibu nyuzi 30. Basi asubuhi yenye baridi hukaa papo hapo wakiota jua. Anayelijua jambo hili hahitaji kamera ya bei kubwa. Amwendee mdudu polepole, ainame awe sawa naye, asimtupie kivuli, wala asimguse, maana lile vumbi la mbawa ni magamba madogo yasiyoota tena.

Picha zangu zilinifunza jambo ambalo macho yangu yalilipita kwa miaka mingi. Wapo vipepeo wawili wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi za mbawa. Wa kwanza, Danaus chrysippus, ana sumu aliyoipata kwa mimea yenye utomvu mweupe aliyoila alipokuwa kiwavi, ndege humwepuka. Wa pili ni jike la Hypolimnas misippus. Huyu hana sumu hiyo, ila amevaa joho la mwenzake ili naye aogopwe. Tazama bawa la nyuma: wa kwanza huwa na madoa meusi matatu au manne katikati, wa pili ana moja tu karibu na ukingo wa mbele. Mmoja ni mkweli, mwingine ni laghai, na sisi twawaita wote kipepeo.

Je, Kiswahili ni maskini? Hasha! Mvuvi wa Pwani hasemi "samaki tu". Husema changu, tasi, tafi, kolekole, nguru. Mkulima aliyeharibiwa mahindi yake huwajua viwavijeshi kwa jina. Lugha hutaja kile ambacho wasemaji wake wamekitazama kwa haja. Hata neno kipepeo latokana na kupepea, na ndilo pia jina la kile kifaa cha kupepea moto jikoni. Aliyeliunda alitazama mbawa kwa makini. Sisi tumelirithi jina, tukaacha kutazama. Waulize wakulima wa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao tangu 1993 hufuga pupa za kuuzwa ng'ambo kupitia mradi ulioko Gede. Kwao kila aina ni bidhaa yake. "Kipepeo tu" hakuuziki.

Yule Danaus chrysippus alipewa jina la kisayansi mwaka 1758 na Linnaeus, Mswidi ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Sisi tunaompita kila asubuhi tukienda kazini hatujampa lolote.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu wa Kiswahili msimwachie mwalimu wa sayansi kazi hii peke yake. Likizo ya Agosti huja kipupwe kikiwa bado kipo. Mwanafunzi na atazame viumbe watatu wa uani kwao, awapige picha, aandike aya moja kuhusu kila mmoja, kisha awaulize nyanya na babu wanamwitaje kwa lugha ya nyumbani. Darasani majina hayo yalinganishwe, na panapokosekana jina, wanafunzi wapendekeze. Mengi yatasahaulika, machache huenda yakadumu. Jina huthibitishwa na wasemaji, si na mhadhiri.

Najua nitaambiwa kwamba simu zimepigwa marufuku katika shule nyingi, kwamba madarasa yamefurika, na kwamba wazazi wengi hawana uwezo. Ni kweli. Lakini simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima, na penye ukosefu wa simu pana penseli. Tena anayechora hulazimika kuhesabu madoa, ilhali mpiga picha aweza kubonyeza akaenda zake.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nakiri kwamba mimi niliyesomea lugha hadi shahada ya uzamifu nilihitaji kuambiwa, na aliyeniambia ni baridi ya Julai. Mwanafunzi wangu amekwisha kuhesabu madoa katika zile picha nne. Ni matatu.