Usikague Nyumba Kabla ya Kusaini

Kila anayetaka kununua nyumba Dar es Salaam hupewa wosia uleule: kagua kwanza, saini baadaye. Mjomba anausema, mchungaji anausema, mtangazaji wa redio anaurudia asubuhi kati ya tangazo na tangazo. Na tangu lile ghorofa la Kariakoo liporomoke tarehe 16 Novemba 2024, wosia umekaribia kuwa amri. Leta mhandisi, leta mpimaji, kwangua plasta uone kilichomo, na kalamu isiguse karatasi mpaka wote hao wawe wamekupa majibu.

Nasema wosia huo unawaponza wanunuzi, hasa wale wenye fedha za kudunduliza. Sipingi ukaguzi. Napinga kuulipia kabla muuzaji hajajifunga kwa lolote. Anayekagua kwa gharama nyumba asiyo na mkataba nayo anamfanyia muuzaji kazi kwa fedha zake mwenyewe.

Tuanze na hesabu. Tuseme nyumba iko Tabata na inauzwa Sh milioni 120. Mhandisi anataka Sh 600,000 aje, apime nyufa, apande darini aangalie kenchi, kisha aandike ripoti. Mpimaji wa kufufua bikoni anataka Sh 400,000. Wakili wa kupitia hati, Sh 300,000. (Namba ni za mfano, weka zako.) Milioni 1.3 imekwenda na bado hujamiliki hata kitasa. Muuzaji naye ametoa nini? Ametoa ufunguo na soda. Kesho akikupigia simu, “ndugu yangu, nimepata mtu wa milioni 125,” huna pa kumshika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa namna hii uwe wa maandishi ndipo utekelezeke mahakamani. Makubaliano ya barazani hayakusaidii, hata kama mjumbe alikuwepo na kutikisa kichwa. Yakikukuta hayohayo kwenye nyumba ya pili umefika milioni 2.6. Kwenye ya tatu umekaribia milioni nne, na bado unalipa kodi ulikopanga.

Dalali haoni tatizo. Yeye analipwa hela ya kuonyesha kila mguu unapovuka kizingiti, na wimbo wake tunaujua sote: “Bosi, fanya haraka, kuna mama yuko njiani na hela mkononi.” Mara nyingi mama huyo hayupo. Lakini siku akiwepo kweli, wewe na ripoti yako mtabaki mnatazamana.

Iko hasara nyingine ambayo haimo kwenye risiti, nayo naiona kubwa kuliko hiyo. Ripoti ya ukaguzi ni mali, na wewe unaigawa bure. Nyumba nyingi za jiji hili, hasa za mabondeni na za karibu na bahari, huliwa na chumvi kuanzia chini. Pita uani uangalie: plasta imevimba usawa wa kifundo cha mguu, ukiikwangua kwa ukucha inadondoka kama unga, rangi imejikunja. Mhandisi wako anakuonyesha hayo yote, anakueleza kuwa wakati wa kujenga msingi hapakutandikwa nailoni ya kuzuia unyevu, anakadiria matengenezo kuwa milioni 9. Unatoka pale umefurahi kwa sababu sasa una hoja ya kuombea punguzo. Unamwendea muuzaji, unamwekea ripoti mezani: “Mzee wangu, kwa hali hii tushuke mpaka mia na kumi.” Mzee anavaa miwani, anaisoma taratibu, anaomba akae nayo mpaka Jumatatu.

Jumatatu simu haipokelewi. Baada ya wiki mbili fundi yuko pale anabandika vigae kwenye ukuta wa nje mpaka usawa wa goti, halafu rangi ya krimu juu yake. Atakayekuja nyuma yako hataona chumvi. Ataona nyumba iliyokarabatiwa, bei milioni 130. Wewe ndiye uliyemlipia muuzaji mshauri wa ujenzi, na ukamfundisha mahali pa kuficha.

Wapo watakaosema: sawa, fedha kidogo zimepotea, lakini angalau aliyekagua analindwa na sheria kuliko asiyekagua. Sivyo. Kwenye sheria za mikataba tulizorithi kwa Waingereza ipo kesi maarufu ya mwaka 1838, Attwood dhidi ya Small, iliyoamuliwa na Baraza la Mabwana mjini London. Wanunuzi wa migodi na viwanda vya chuma waliambiwa na muuzaji maneno matamu kuhusu mapato. Hawakumwamini moja kwa moja. Walituma watu wao wakakague, nao wakarudi na kusema maneno ya muuzaji ni kweli. Baadaye ikabainika kuwa si kweli. Wanunuzi walipotaka kuvunja mkataba walishindwa, kwa sababu walikuwa wamelitegemea jicho lao wenyewe na si kauli ya muuzaji. Ukaguzi waliougharimia ndio uliowafungia mlango.

Wala asiyekagua asishangilie. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo ilichotwa kwenye ile ya India ya mwaka 1872, inambana mnunuzi mzembe: ikiwa malalamiko yako ni kwamba muuzaji alikaa kimya, na ukweli ungeweza kuugundua kwa uangalifu wa kawaida, mahakama haitakuvunjia mkataba. Kwa hiyo umebanwa huku na huku. Njia ya kutokea ni moja tu, nayo ni kumfanya muuzaji aandike na kusaini yale anayoyasema kwa mdomo: kwamba nyumba haijawahi kuingiliwa na mafuriko, kwamba haina deni wala kesi, kwamba haimo ndani ya hifadhi ya barabara. Kauli hizo zikiwa ndani ya mkataba zina mtu wa kuzijibu. Zikibaki kibarazani, ni maongezi.

Na hapo kwenye hifadhi ya barabara nataka kukaa kidogo. Mwaka 2017 nyumba za kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kwa hoja kwamba zilikuwa ndani ya mita 121.5 za hifadhi ya barabara kila upande. Zilikuwemo nyumba zilizojengwa vizuri kabisa, zege safi, nondo za kutosha. Mhandisi angezipa alama zote. Hata angepima zege kwa nyundo mchana kutwa, tatizo la nyumba zile halikuwa ndani ya kuta. Ukaguzi wa gharama tunaousifia ni wa mwili wa nyumba, wakati fedha nyingi zaidi zinapotelea kwenye karatasi, kwenye mipaka, na kwa mke au mume ambaye hakuulizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mhandisi hakagui ndoa.

Ndiyo maana mji huu umejaa kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Aliyeandika hivyo hakuwa na hofu ya nyufa.

Nifanyeje basi, utauliza. Kwanza fanya yale yasiyokugharimu, au yanayokugharimu kidogo. Nenda kuiona nyumba masika, mvua ikiwa inanyesha, uone maji yanaelekea wapi. Zungumza na jirani na muuza genge wa kona. Hao wanajua nani anagombana na nani kuhusu mpaka. Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ada yake si ya kukukosesha usingizi. Uliza halmashauri na TANROADS kama eneo limo kwenye mpango wa barabara. Hayo fanya hata kwenye nyumba kumi.

Ukishaipenda moja, saini. Ndiyo, saini kabla mhandisi hajakanyaga pale. Lakini usisaini ile karatasi ya duka la kuchapa yenye nafasi ya majina na bei. Saini mkataba wa mauziano wenye masharti, kurasa mbili zinatosha. Bei imeandikwa na haibadiliki. Mwenzi wa muuzaji amesaini pia. Muuzaji anaahidi kwamba kwa siku 21 hataiuza wala kuionyesha nyumba kwa mtu mwingine, na katika siku hizo wewe unaleta wakaguzi wako. Wakikuta ubovu ambao matengenezo yake yanazidi kiasi mlichokubaliana, ama bei inashuka kwa kiasi hicho ama unajitoa na kurudishiwa fedha yako yote. Muuzaji akikugeuka, anarudisha fedha yako na kukulipa gharama za ukaguzi kwa risiti. Kishika uchumba kiwe kidogo, na kikae kwa wakili, kisikae kwa muuzaji. Nasisitiza hili la wakili kwa sababu kishika uchumba kikiingia mkononi mwa muuzaji mwezi Januari kimeshakuwa ada ya shule.

Mkataba huo una meno ambayo ripoti haina. Kama nyumba imesajiliwa, unaweza kuupeleka kwa Msajili wa Hati na kuomba zuio liwekwe kwenye daftari, ili huyo mama wa dalali akija kufanya upekuzi akute kuna mtu mbele yake. Jaribu kupeleka ripoti ya nyufa uone kama watakuwekea zuio. Na kwa nyumba zilizo kwenye viwanja visivyopimwa, ambazo hazimo kwenye daftari lolote la msajili, mkataba ndio ngao kubwa uliyo nayo.

Kwa wenzetu mambo haya yameshajaribiwa kwa njia zote mbili. England mnunuzi hulipia ukaguzi na wakili kabla pande mbili hazijabadilishana mikataba iliyosainiwa, na mpaka siku hiyo muuzaji yuko huru kumkimbilia mwenye dau kubwa zaidi. Kilio cha wanaobaki na ripoti za nyumba za watu ni cha miaka mingi. Scotland, jirani zao wa kaskazini, waliamua tangu tarehe 1 Desemba 2008 kwamba anayeuza ndiye alipie ripoti ya hali ya nyumba kabla ya kuitangaza. Marekani kawaida ilikuwa kusaini kwanza na kukagua ndani ya siku kadhaa zilizoandikwa mkatabani. Nyumba zilipogombaniwa katika miji kama Seattle, watu wakaanza kukagua kabla hata ya kutoa dau ili waonekane wepesi. Nyumba moja ikawa inakaguliwa na wanunuzi kadhaa, kila mmoja kwa fedha yake, na anayeipata ni mmoja. Wengine wote wamelipia elimu.

Nitaambiwa wauzaji wa hapa hawatakubali kusaini masharti hayo. Baadhi hawatakubali, na huko kukataa kumekupa taarifa ya bure ambayo mhandisi angekutoza laki sita. Muuzaji wa kweli ana sababu ya kukubali: amechoka na watalii wa nyumba wanaokuja Jumapili baada ya ibada, wanafungua makabati, wanasema “tutawasiliana” na kupotea. Mwenye mkataba na kishika uchumba kwa wakili si mtalii. Nitaambiwa pia kwamba wakili ni ghali. Ghali kuliko nini? Umekuwa tayari kulipa watu watatu waangalie mali ya mtu mwingine, halafu unasita kumlipa mmoja akuandikie haki yako.

Hoja ninayoiheshimu ni ya yule anayesema watu wa kawaida huogopa karatasi. Ni kweli, na wana sababu, kwa kuwa karatasi nyingi walizosainishwa maishani zilikuwa za kuwabana wao. Mikataba mingi inaandikwa kwa Kiingereza ambacho hata baadhi ya mawakili wanakisoma mara mbili.

Basi naomba hivi. Kenya chama cha mawakili kina masharti ya mfano ya mauziano ya ardhi, yakiwemo ya toleo la mwaka 2015. Chama cha Wanasheria wa Tanganyika kiandike mkataba wa mfano wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, wenye kipengele cha ukaguzi baada ya kusaini na kipengele cha nani anabeba gharama mmoja akigeuka. Ubandikwe kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa, pale pale ambapo watu huenda kugongewa mihuri. Na wewe uliyepanga kumpeleka mhandisi Jumamosi hii kwenye nyumba ya mtu, mpigie simu umwambie asubiri. Atafutwe wakili kwanza.