PENSHENI: TUTAZAME CHUNGU KABLA YA KUGOMBEA UPAWA

Likitajwa neno pensheni, wanafunzi wengi hufunua ukurasa unaofuata. Wadhani jambo hili ni la wazee. Lakini mwenzetu atakayeajiriwa na Serikali atakatwa asilimia 5 ya mshahara wake tangu mwezi wa kwanza, na mwajiri ataongeza asilimia 15. Jumla ni asilimia 20, itakayowekwa kwa miaka thelathini au zaidi kabla hajaruhusiwa kuila. Mtu anayekabidhi mali yake kwa muda mrefu namna hiyo yampasa aulize nani anaitunza. Na afadhali kuuliza mapema.

Hapa Karatu na Ngorongoro tuna watu wa kila namna katika habari hii. Mwalimu, muuguzi na askari wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro wamo katika mfuko wa watumishi wa umma, PSSSF. Mpishi wa hoteli ya watalii, kama mwajiri wake amemwandikisha, yumo NSSF. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola na mfugaji wa Endulen kwa kawaida hawamo popote. Mfuko wao ni shamba, ng'ombe na watoto.

Kwanza nieleze ugomvi ulikotoka. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuunganisha mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikawa mmoja, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka ule. Zikafuata kanuni mpya za kukokotoa mafao. Watumishi waliozoea kupokea nusu ya pensheni yao kwa mkupuo wakaambiwa watapata robo tu. Kelele zikawa nyingi, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli akazisimamisha kanuni zile mpaka mwaka 2023. Kabla muda huo haujaisha, tarehe 1 Julai 2022 ikaanza kanuni ya asilimia 33 kwa wote. Watumishi hawakuridhika, na Julai 2024 Serikali ikaongeza: asilimia 40 kwa waliokuwa zamani wakipata nusu, na 35 kwa waliokuwa wakipata robo. Hao wa robo, wakiwamo wanachama wa NSSF, kwao mkupuo ulipanda. Ndiyo maana manung'uniko yalisikika zaidi katika vyumba vya walimu kuliko katika majiko ya hoteli.

Wengine husema, "Fedha ni zile zile, zimegawanywa tu kwa njia nyingine, mkononi kidogo na kila mwezi zaidi." Tuyapime maneno hayo kwa hesabu ya darasani. Chukua mwalimu mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, aliyetumika miaka 30, yaani miezi 360. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mshahara wa mwaka, 12,000,000, ulizidishwa kwa 360 na kugawanywa kwa 540. Jibu ni 8,000,000, ndiyo pensheni nzima ya mwaka. Nusu ilizidishwa kwa 15.5, akapewa mkupuo wa shilingi 62,000,000. Nusu ya pili iligawanywa kwa miezi 12, akapata kama 333,000 kila mwezi.

Kwa kanuni ya 2024 kigawanyo ni 580, kizidisho ni 12.5, na mkupuo ni asilimia 40. Mwalimu yule yule apata mkupuo wa kama 37,240,000, na kama 372,000 kila mwezi. Mkononi amepungukiwa na kama 24,760,000. Kwa mwezi ameongezewa kama 39,000. Ili nyongeza hiyo izibe pengo, yampasa aishi zaidi ya miaka 52 baada ya kustaafu. Akistaafu akiwa na miaka 60, basi aishi mpaka apite 112! Kwa hiyo fedha si zile zile. Zimepungua.

Wanaotetea mabadiliko wana hoja yao, nami siidharau. Wasema kuwa kanuni ya zamani ilitoa zaidi ya uwezo wa mfuko, na mfuko ukifilisika hata mwenye haki hapati kitu. Tena wasema kuwa mkupuo mkubwa huvuta matapeli na ndugu wa ghafla, na baada ya miaka miwili mstaafu hana kitu. Hayo hutokea, na pensheni ya kila mwezi ndiyo imtunzayo mzee. Lakini mwalimu naye ana hoja. Aliyekaa miaka thelathini katika nyumba ya shule hutakiwa kuiacha anapostaafu, na kama hajajenga, mkupuo ndio saruji na mabati yake. Hawezi kujenga kwa shilingi 39,000 za kila mwezi.

Basi ni nani mwenye haki? Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinagombea ukubwa wa upawa, na chungu hakuna anayekitazama. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali kuu hawakuchangia. Pensheni ilitoka Hazina. PSPF ilipoanza mwezi huo, ilipewa kazi ya kuwalipa wastaafu kwa miaka yao yote, hata ile ya kabla ya 1999 ambayo haikuwa na mchango hata wa senti moja. Serikali ilipaswa kuurudishia mfuko fedha hizo, lakini ilichelewa miaka mingi, na deni likakua likahesabiwa kwa matrilioni. Mwishoni mwa 2021 Serikali ilitoa hati fungani maalumu za shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu yake. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini chungu kilikuwa kimepwaya kwa muda mrefu. Juu ya hayo, mifuko ilikopesha fedha kwa majengo ya umma, kama Chuo Kikuu cha Dodoma, na marejesho yakachelewa. NSSF nayo ilijenga Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016 na likapitisha watu. Lakini mradi wake wa nyumba wa Dege, huko huko Kigamboni, ulisimama kabla ya kukamilika.

Mchangaji hakufanya hata moja katika hayo. Yeye alikatwa kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja. Si haki mwajiri achelewe kutia fungu lake, kisha mfanyakazi apunguziwe fungu lake ili mfuko upone. Kenya nao walianza mpango wa kuchangia kwa watumishi wao Januari 2021. Na wayatazame yaliyotupata.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, mwajiri yeyote, hata Serikali, akichelewesha mchango alipe na faida yake, na kila mwanachama aletewe hesabu yake kila mwaka, asingoje kustaafu ndipo agundue miezi iliyopotea. Pili, Serikali ikikopa katika mfuko, ikope kama inavyokopa benki, kwa tarehe ya kulipa iliyotangazwa, na wajumbe wa wafanyakazi katika bodi warudi kwa waliowatuma kueleza. Tatu, pensheni ya mwezi ipande kila bei zinapopanda. Mambo hayo yakitimizwa, mimi nitakuwa wa kwanza kukubali mkupuo mdogo.

Na wazazi wetu wa mashambani je? Ruhusa ya kujiunga na NSSF kwa hiari wanayo, lakini kahawa ya Oldeani huleta fedha kwa msimu, na ng'ombe hufa kwa ukame. Zanzibar imeonyesha njia: tangu Aprili 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 hulipwa na Serikali bila kuulizwa alichangia nini. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na 2023 ikawa 50,000. Si nyingi, lakini yanunua unga. Watu wa Bara ni wengi zaidi na mzigo ni mzito zaidi. Hata hivyo mzee wa Endulen hazeeki polepole kuliko mzee wa Pemba.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, baada ya miaka michache tutatia sahihi karatasi za kukatwa mshahara. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini yaweza kuliwa na asiyeiweka. Kabla ya kutia sahihi, tuulize hesabu. Na tukisha kutia, tuendelee kuuliza kila mwaka.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne